Jumamosi Alikuwa Wapi?

Niliolewa kwa taabu kwa sababu ya mpira wa miguu, mchezo ambao sijawahi kuucheza na ambao mume wangu haujui hadi leo. Mwulize kona ni nini, atakuonyesha pembe ya nyumba. Walionitesa ni baba zetu wawili, wanaume wazima wenye akili zao, ambao nusura wanizeeshe nyumbani kwa sababu ya ubishi. Nikikumbuka hupandwa na hasira, halafu nacheka, halafu hasira inarudi kuuliza kinachochekesha ni nini.

Baba yangu alikuwa fundi wa nguo mjini Kisii. Cherehani yake ilikaa barazani mwa duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa, na kwa asili sisi ni watu wa Kenyenya. Baba wa mume wangu alikuwa mkalimani wa mahakama, mtu wa Nyamira, mwenye tai shingoni na viatu vya kulia kwichi kwichi. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya hakimu na mshtakiwa, akigeuza Ekegusii kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza. Mahakama ikipumzika mchana alivuka barabara, akaja barazani, akabishana na baba. Mimi nilikuwa ndani ya duka hilohilo, msichana wa kupima vitambaa, kwa hiyo haya yote niliyasikia kwa masikio yangu, nipende nisipende.

Ubishi wenyewe ulikuwa mmoja tu, kutwa kucha, masika na kiangazi. Katika historia yote ya timu ya mji wetu, mchezaji mkubwa kupita wote ni nani?

Historia yote, ati! Timu yenyewe ilianzishwa Uhuru ukibisha hodi, na miaka hiyo ya sitini ilikuwa haijang'oka hata meno ya utoto. Kombe haikuwahi kuliona. Mara moja ilipewa mbuzi kwa kutoka ya pili, na mbuzi huyo akaliwa na wanakamati kabla wachezaji hawajavua viatu. Lakini ungewasikia wale wawili ungedhani wanazungumza habari za wafalme na vita vyao.

Baba alisimama na winga wa kushoto, kijana wetu wa Kenyenya, mwembamba kama ufito, ambaye akikimbia na mpira kando ya chaki, beki alibaki akitafuta kiuno chake kilikokwenda. Mkalimani alisimama na golikipa wa Nyamira, jitu la viganja kama sinia. Hakuna aliyemtaja mchezaji wa tatu. Aliyejaribu aliambiwa anyamaze asikilize wenye mpira wao.

Walibishana kwa Kiswahili, ingawa wote wawili walinyonya Ekegusii. Walihitaji mwamuzi asiye wa Kenyenya wala wa Nyamira, na mtu wa namna hiyo hapo barazani alikuwa mmoja tu, mwenye duka. Mzee huyo hakuwahi kukanyaga uwanjani. "Ndiyo maana mimi sina upande," alisema, na kwa kweli nimewaona waamuzi wa mpira waliosoma kazi hiyo na hawana sifa hata hiyo moja. Akaweka sheria. Anayeshika fimbo ya yadi, ile ya kupimia vitambaa, ndiye anayesema, na mwingine anafunga mdomo. Basi mteja ametoka Nyamarambe kununua kitambaa cha sare za watoto, mimi nasimama na jora mkononi nangoja fimbo, na baba ananiambia, "Subiri, binti. Niko katikati ya hoja."

Ngeli za Kiswahili zilikufa nyingi pale barazani. "Mpira hiyo alipiga na kushoto, ikaingia," baba alisema, na mkalimani, ambaye mahakamani aliwasahihisha mashahidi, akajibu, "Mpira hiyo haikuingia, refa alipewa chai." Kiswahili chao cha ubishi kilikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka haangalii anakanyaga nini.

Sasa sikilizeni upumbavu wa jambo lenyewe. Baba yangu alikuwa Msabato, na Msabato wa kweli: jua la Ijumaa likizama, cherehani inafunikwa shuka, na haifunuliwi mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Timu ya mji ilicheza Jumamosi karibu kila mara. Kwa hiyo baba, bingwa wa kumsifu winga, hakumwona winga akicheza ila zile Jumapili chache za mechi za kirafiki. Golikipa wa Nyamira naye alikuwa Msabato. Jumamosi hakucheza. Alikuwa kanisani, kanisa lilelile la baba, amekaa benchi la mbele yake.

Na mkalimani? Mkatoliki, asiyekosa mechi ya Jumamosi. Ndiye aliyekuwa akimwona winga kila wiki, naye akambeba golikipa ambaye hakumwona katika hata moja ya hizo mechi. Baba kila wiki alimwona kisogo golikipa, akambeba winga. Kila mmoja alimtukuza yule aliyemjua kidogo. Niliwahi kusema hivyo kwa sauti, nikaambiwa nikapime vitambaa.

Hoja kubwa ya mkalimani ilikuwa hii. Akishika fimbo alijinyoosha tai, akasema polepole kama anayemsomea mtu hukumu: "Kumbukumbu zitaonyesha kwamba golikipa huyu hajawahi kufungwa goli siku ya Jumamosi. Hata moja."

Na baba, kabla hata fimbo haijamfikia, kinyume cha sheria zote za mwenye duka: "Jumamosi alikuwa wapi?"

Baraza zima linaangua kicheko. Wapita njia wanasimama. Kila siku maneno yaleyale, kila siku kicheko kilekile, na kila siku mkalimani anashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Akishindwa kabisa alisema, "Alikuwa kanisani pamoja na wewe, Fundi! Kwani hukumwona?" Baba anajibu, "Nilimwona. Alidondosha kitabu cha nyimbo. Kama hawezi kushika wimbo wa kumi na mbili, atashika shuti?"

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo baba hakuliweza bila mkalimani, nalo ni lile goli. Timu kutoka upande wa ziwa ilikuja kucheza, siku ya Jumamosi bila shaka. Kanisa letu liko chini ya mlima, uwanja uko juu, na kelele za watu zilishuka mpaka kwenye mabenchi yetu. Mhubiri alikuwa anasema kwamba wengi watapotea. Huko juu ikalipuka kelele ambayo haikuwahi kusikika, na baba akasimama wima akapaza sauti, "Amina!" Mhubiri alimtazama kwa huzuni kubwa. Mama alimvuta koti akaketi.

Kesho yake, Jumapili, mkalimani alitoka misa akaja moja kwa moja barazani. Uso ulikuwa umemshuka. "Nakuja kukueleza," alisema, "na sitaki uniulize maswali. Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kusema alichosema mtu, hata kama kinaniuma." Akamsimulia goli la winga, lote, toka mpira ulipookotwa karibu na bendera ya kona mpaka ulipochana wavu. Hakupunguza kitu. Alisimama, akatumia fimbo ya yadi kuonyesha mabeki walivyoanguka, mmoja huku, mmoja kule. Baba alisikiliza mikono ikiwa juu ya kitambaa, cherehani imesimama, machozi yanamlengalenga. Mkalimani alipomaliza, baba akasema, "Rudia pale alipomvuka yule wa pili." Akarudia.

Baada ya hapo baba alilisimulia goli lile kila juma, na kila juma likawa zuri zaidi. Beki aliyeanguka akawa ameanguka mara mbili. Mkalimani alipolalamika kwamba halikuwa hivyo, baba alimwambia, "Wewe hukuona vizuri. Ulikuwa karibu mno."

Kuna siku winga mwenyewe alikuja dukani kurekebishiwa suruali. Baba akamkalisha kwenye kiti, akamwagizia soda, akamwambia awaambie watu nani mchezaji mkubwa katika historia ya timu. Kijana wa watu akafikiri, akasema kwa unyenyekevu, "Kwa kweli ni kipa." Mkalimani alirusha kofia juu. Baba akamtazama yule winga toka juu mpaka chini. "Wewe ulikuwa unakimbia," akamwambia. "Ungejionaje?" Kisha akavuta cherehani akairekebisha suruali.

Katika kelele hizo ndimo nilimopata mume. Alikuwa karani wa posta, mtoto wa mkalimani, na mama yake alimtuma mara kwa mara amletee baba yake mwavuli. Kisii mvua hainyeshi kwa miadi. Alikaa ndani juu ya majora akingoja ubishi uishe ili aone mwavuli umefika kichwani, na mimi nilikaa nikingoja fimbo. Tulikuwa watu wawili pekee mjini tusiojali nani mkubwa. Alinieleza habari za kuku wake. Alikuwa na kuku wanaotaga, na alimjua kila mmoja kwa tabia. Basi, tulipendana kwa kuchoshwa na jambo moja, na ndoa nyingi zimejengwa juu ya msingi mbovu zaidi ya huo.

Alipotaka kunichumbia ndipo balaa lilipotokea.

Kwetu Gusii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Wazazi wa mume na wazazi wa mke wakishakuwa wakwe, basi. Hawataniani. Hawatupiani maneno. Hawaketi karibu karibu wakapigana mabega wakicheka. Wanasalimiana macho chini, wanaulizana hali ya mifugo, wanaagana. Mkwe hawezi kumwambia mkwe mwenzake kwamba golikipa wake anadaka mpira kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Haiwezekani! Ni aibu ya kutembea nayo mpaka kaburini. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kama jua la Januari: ndoa yangu ikipita, ubishi unakufa. Ubishi ukibaki, mimi nabaki kupima vitambaa vya arusi za watu.

Mkalimani alianza kwanza. Alimwambia mwanawe kwamba kuna wasichana wazuri sana Nyamarambe. "Na baba zao," akaongeza, "hawajui mpira." Mume wangu, ambaye ni mpole lakini ana kichwa kigumu kama jiwe, akajibu kwamba yeye hakuwa anatafuta baba.

Wakamtuma esigani, yule mtu wa kati anayekwenda kupeleleza ukoo na kuzungumzia posa. Wa kwao alikuwa mama mmoja mzee, mjuzi wa kazi yake. Alifika nyumbani Kenyenya, akakaribishwa, akaeleza habari za kijana. Baba akakohoa. Akasema kule Nyamira kuna baridi mno, na binti yake ana kifua. Mimi kifua! Nilikuwa nabeba mtungi kutoka mtoni bila kushika. Esigani akarudi mara ya pili na sweta, zawadi yangu. Baba akasema ameota ndoto mbaya. Ndoto gani? Hakumbuki, ila ilikuwa mbaya. Mara ya tatu akasema kazi ya posta haina uhakika kwa sababu siku moja watu wataacha kuandika barua.

Esigani alipoondoka, mama aliweka chini sufuria. "Sema ukweli mbele ya mtoto," akamwambia. "Kijana huna neno naye. Ukoo huna neno nao. Unaogopa kukosa mtu wa kubishana naye."

Baba akatazama ukuta. "Na nikimkosa, wewe utanibishia?"

"Nimekubishia toka uliponioa. Hujawahi kusikia."

Nilitoka nje nikalia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa ghadhabu. Baba yangu alinipenda, sina shaka. Lakini alinipima kwenye mizani moja na winga wa kushoto, na mizani ilikuwa imesimama katikati, haijui iangukie wapi. Nilikaa wiki nzima bila kumsalimia barazani. Akiniomba mkasi, naupitisha kwa mwenye duka. Mwishowe yule mzee wa Kihindi alichoka kupitisha mikasi. Akamwambia baba, "Fundi, huyu msichana akikaa hapa mwaka mwingine atakuwa na sauti kama yako. Nani atamchukua?" Nadhani hilo ndilo lililomwingia. Jioni ile baba alisema wazee waje.

Walikuja Jumapili, wazee wa Nyamira na suti zao, mkalimani mbele. Mwenye duka naye alialikwa, akaletwa na gari lake la mizigo, akawekewa ndizi mbivu na maziwa kwa kuwa hali nyama. Mambo ya ng'ombe yalikwisha upesi mno, hata wazee wakatazamana kwa aibu wakihisi kuna mtu ametapeliwa. Kilichobaki kilikuwa chakula tu. Wakishakula pamoja, wamekwisha kuwa wakwe.

Mama na shangazi zangu wakafika mlangoni na vyungu. Baba akainua mkono. "Bado. Kuna jambo dogo."

"Hata mimi," mkalimani akasema, "nina jambo dogo."

Mwenye duka hakuuliza. Alikwenda kwenye gari lake akarudi na fimbo ya yadi. Alikuwa ameibeba toka mjini.

Haki ya Mungu, walibishana alasiri yote. Mabishano ya miaka yote waliyamwaga hapo sebuleni yakiwa yamefungwa pamoja. Goli la ziwa lilisimuliwa na aliyeliona, likasimuliwa tena na ambaye hakuliona, na la pili likawa bora. Penalti iliyookolewa mvuani iliokolewa upya. Wazee wa Nyamira walioanza kwa kutabasamu wakaanza kupiga miayo. Mjomba wangu mmoja alilala wazi wazi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko na nguo mpya, natoka jasho la hasira, natamani kuingia niwachape wote wawili na hiyo fimbo. Bwana arusi nilimwona dirishani. Alikuwa amechuchumaa uani akimkagua kuku wetu mmoja miguu.

Mwishowe mama aliingia bila kubisha. Akatua obokima, ule ugali wetu wa wimbi, katikati yao, pu! "Ugali ukipoa haupashwi moto," akasema. "Na binti vilevile."

Baba akampa mkalimani fimbo. "Sema la mwisho."

Mkalimani aliishika muda mrefu. Nilidhani atatoa hotuba. Akasema kwa sauti ndogo, "Hajawahi kufungwa Jumamosi."

"Jumamosi alikuwa wapi?" baba akasema, naye kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyecheka. Baba aliichukua fimbo akamrudishia mwenye duka. Akanawa mikono, akamega, akachovya kwenye mchuzi, mkalimani naye akamega. Walitafuna wakitazama sahani. "Karibu, mkwe," baba akasema. "Chakula ni kidogo." Mkalimani akajibu, "Ahsante, mkwe. Kinatosha." Yalikuwa maneno ya baridi kuliko yote niliyowahi kusikia yakipita kati yao.

Niliolewa, nikahamia nyumba za posta, nikafuga kuku. Sitawaficha kwamba nilikuwa na furaha. Lakini dukani nilikuwa bado nakwenda kupima, na niliyaona.

Mkalimani aliacha kuvuka barabara. Mchana alikula chakula chake kwenye ngazi za mahakama, amegeuzia baraza mgongo kwa heshima. Wakikutana njiani: "Bwakire buya, mkwe." "Buya, mkwe. Ng'ombe hawajambo?" "Hawajambo." Mkalimani hakuwa hata na ng'ombe mjini. Watu walijaribu kumtafutia baba mbishi mwingine. Dereva mmoja wa lori la kahawa alijitolea, akaketi, baba akamwambia winga ndiye mkubwa, dereva akasema, "Kabisa, mzee." Baba alimfukuza. Mwenye duka alirudisha fimbo kwenye vitambaa, na wateja wangu sasa walihudumiwa upesi, jambo ambalo nililitamani miaka mingi na ambalo sasa lilinikera.

Baba aliharibika. Alimshonea mwalimu mmoja wa Masimba suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Jumamosi kelele zilishuka kutoka uwanjani hadi kanisani, na hakuwa na mtu wa kumwambia zilikuwa za nini. Alikuja kwangu Jumapili, anazungukazunguka, halafu: "Ile kelele ya jana ilikuwa nini?" Mume wangu akamwuliza, "Kelele gani?" Siku moja alijitahidi akamwuliza mkalimani mwenyewe njiani. "Tulishinda, mkwe." "Vizuri, mkwe." Basi, habari imekwisha. Goli bila matusi yake ni kama chinsaga isiyotiwa maziwa: ni mboga, utakula, lakini uchungu wote umebaki.

Nilijiona mimi ndiye niliyewaua, na nikajikasirikia, na nikawakasirikia wao kwa kunifanya nijikasirikie.

Kisha nikazaa msichana.

Babu zake walikuja kumwona, na kwa bahati mbaya walikuja Jumapili ileile, saa ileile. Nikawaketisha, mmoja pembe hii, mmoja pembe ile. Wakaulizana habari za ng'ombe. Wakatazama dari. Nikamweka mtoto mapajani mwa baba nikaenda kuchemsha chai, na nikiwa jikoni nikasikia baba anasema na mtoto.

Kwetu mambo ya babu na mjukuu hayana chinsoni hata chembe. Babu humwita mjukuu mke wake, mjukuu humvuta babu ndevu, na hakuna neno lisilosemeka. Baba alikuwa anamwambia yule mtoto wa majuma machache, kwa Kiswahili, kwa sauti ya barazani: "Mke wangu, hebu mwulize babu yako wa Nyamira. Yule kipa wake aliyejificha kanisani kila Jumamosi, alimzuia nani?"

Nikaacha sukari ikamwagika.

Viatu vikalia kwichi kwichi. Mkalimani alivuka chumba, akamwinua mtoto, akarudi naye pembeni mwake. Akanyoosha tai. "Mwambie babu yako wa Kenyenya," akasema, "kwamba kumbukumbu zitaonyesha..."

Chai ilipoa, na sikujali. Mtoto alihamishwa toka pembe hadi pembe kama fimbo ya yadi. Mtu aliyewatafsiria watu maisha yake yote sasa alikuwa na mkalimani wake mwenyewe, naye hakuwa na jino hata moja. Hawakutazamana hata mara moja. Heshima ililindwa barabara! Mume wangu aliingia kutoka kwa kuku, akasikiliza, akaniuliza kwani nani amekuwa mgonjwa mbona nalia.

Tangu siku hiyo nilikuwa sina mtoto wa kwangu. Kila mchana mahakama ikipumzika ilibidi nimlete barazani. Alipata meno, akapata miguu, akajifunza kuvuka toka cherehani hadi ngazi za baraza, alikorudi kukaa mkalimani, akibeba matusi yasiyo yake. Mwenye duka alimpa fimbo iliyomzidi kimo. Kabla hajajua kuhesabu alishajua goli la ziwa, kwa namna zote mbili. Jumapili mkalimani alimsimulia mtoto mechi ya Jumamosi, kwa sauti ya kutosha viziwi, na baba alishona akiwa ametega sikio.

Baba alikufa miaka ya sabini ikielekea ukingoni, na mtoto alikuwa ameshaanza shule. Kifua kilimchukua, kile alichonisingizia mimi. Tulimzika Kenyenya. Watu wa kanisa lake ndio waliobeba jeneza, na aliyeshika kamba ya mbele kumshusha alikuwa yule golikipa wa Nyamira, mvi kichwani, viganja vilevile vya sinia. Alimshusha taratibu mpaka chini.

Wakwe wakapewa nafasi ya kusema. Mkalimani alisimama, tai yake nyeusi. Akaanza vizuri, kama inavyompasa mkwe: marehemu alikuwa mtu wa heshima, alikuwa mtu wa kazi. Kisha akakwama. Watu wakadhani ameishiwa nguvu, mtu mmoja akamsogezea kiti. Akakikataa. Akaita mjukuu wake.

Mtoto akaja akasimama kati yake na kaburi, kama alivyozoea.

"Mwambie babu yako," mkalimani akasema, kwa sauti ileile ya barazani, "aangalie nani aliyemshika leo. Mwambie hakumdondosha."

Mtoto akageuka akatazama kaburini. Akangoja kidogo, jinsi alivyofundishwa kungoja, mpaka mwenzake amalize kufikiri. Kisha akamgeukia mkalimani.

"Babu anasema," akasema, "Jumamosi alikuwa wapi?"

Kicheko kilitoka kwa watu kabla hawajakumbuka wako wapi. Mama alicheka ameshika tumbo, machozi yakimtiririka. Golikipa mwenyewe alicheka na udongo mikononi. Mkalimani aliinama, akachota udongo, akaumwaga kaburini taratibu, kama mtu anayerudisha fimbo ya yadi.